Mdogo wangu amemwambia mama mgonjwa kwamba mbinguni hakuna nyumba. Nimwambie nini?

Bwana Yesu asifiwe, mshauri.

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto watano, na ndiye ninayemuuguza mama yetu mzazi. Madaktari wameshatueleza kwamba ugonjwa wake hautibiki tena, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Mwenyewe anajua. Alikuwa haogopi kufa, mpaka hivi majuzi.

Mama amekaa nyumba za kupanga maisha yake yote. Kodi ikipanda, tulihama. Mwenye nyumba akitaka chumba kwa ajili ya mwanawe, tulihama, wakati mwingine na vyombo vikiwa bado vina maji. Ndiyo maana andiko lake tangu tukiwa wadogo ni Yohana 14: "Nyumbani mwa Baba yangu mna makao mengi." Aliliamini kama mtu anayeamini hati ya kiwanja.

Tangu ashindwe kuinuka kitandani amekuwa akinisimulia nyumba yake ya mbinguni. Dirisha linaangalia mashariki. Jiko ni lake, hashirikiani na mtu. Nje kuna kamba ya kuanikia nguo, naye ataanika kwa mikono miwili, maana mkono wake wa kushoto ulivunjika tukiwa wadogo na haujanyooka hadi leo. Mlango ni wa mbao nzito, unafungwa kwa ndani, na ufunguo anao yeye peke yake. Hilo la ufunguo halikosi kulirudia. Mimi humwitikia, humwuliza kuta amezipaka rangi gani, anacheka, usiku unakwisha.

Mdogo wetu wa mwisho amesoma chuo cha theolojia na sasa ni mchungaji msaidizi. Alipokuja kumwona mama akayasikia haya, akamwambia, tena kwa upole: "Mama, mbinguni si mahali penye nyumba. Ni hali ya kuwa na Mungu. Hayo makao ni lugha ya picha tu." Mama akanyamaza. Tangu siku ile hajaitaja nyumba. Usiku mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Sasa mimi nakwenda kukaa wapi?" Usiku mwingine akauliza, "Na baba yenu, naye atakuwa humo?" Nikamwambia bila shaka watakuwa pamoja, kwa kuwa baba alitubu na kubatizwa kabla hajafa. Akageukia ukutani. Nikadhani amechoka.

Dada zangu wamemkasirikia mdogo wetu, wanasema asikanyage hapa mpaka amwombe mama radhi. Yeye anajibu kwamba hawezi kumhubiria mtu jambo asiloliamini, hata kama ni mama yake. Mimi niko katikati. Nikiendelea kumsimulia mama nyumba ambayo sijui kama ipo, najiona namdanganya mtu anayekufa. Nikinyamaza, najiona namhamisha kwenye nyumba nyingine tena. Kwani sisi Wakristo tunaamini nini hasa kuhusu huko? Na nimwambie nini mama?

Kifungua Mimba

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu, pole. Pole kwa kuuguza, na pole kwa kuwa katikati ya ndugu wanaovutana wakati wewe ndiye unayeamka usiku.

Umeuliza mawili: Wakristo wanaamini nini kuhusu makao ya mbinguni, na wewe umwambie mama nini. Lakini katika barua yako kuna swali la tatu, la mama mwenyewe, ambalo umelijibu haraka sana. Niruhusu nilifikie baada ya hayo mawili, kwa sababu nadhani ndilo zito kuliko yote.

Nianze na mdogo wako, ili mtakapokaa pamoja usimwone kama mtu aliyepotoka. Alichosema hakukizua. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba mbinguni si dhana tupu wala si mahali fulani mawinguni, bali ni uhusiano hai na Utatu Mtakatifu. Na ukifungua Ufunuo 21 utaona kwa nini wasomi wengi wanazungumza habari za picha. Mji ule una urefu, upana na kimo sawa, stadia 12,000 kila upande, yaani kama kilomita 2,200. Mji wenye kimo cha kilomita 2,200! Msomaji wa Kiyahudi wa zamani angekumbuka mara moja chumba kingine chenye pande zilizo sawa: Patakatifu pa Patakatifu katika hekalu la Sulemani, dhiraa 20 kwa 20 kwa 20, kama inavyosema 1 Wafalme 6. Humo aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka. Yohana anaona mji mzima una umbo la chumba hicho, kisha anaongeza kwamba hakuona hekalu ndani yake. Mahali ambapo mtu mmoja aliingia siku moja kwa mwaka pamekuwa makazi ya watu wote. Wapo Wakristo wanaochukua vipimo vile kama vilivyo, nami sina ugomvi nao. Ila hata wao watakubali kwamba vipimo vina la kusema zaidi ya ukubwa wa mji.

Hata hivyo, kama mdogo wako ameishia kwenye neno "hali", ameacha sehemu kubwa nje. Yeye mwenyewe husimama ibadani na kukiri "ufufuo wa mwili" katika Imani ya Mitume. Kanuni ya Imani iliyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381 inamalizia kwa kutazamia ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao. Katika karne ya 2 Ireneo wa Lyon alibishana kwa nguvu na watu waliodharau mwili na udongo, waliodhani wokovu ni roho kuponyoka kutoka kwenye dunia. Kanisa lilikataa fundisho lile.

Sababu ni Yesu mwenyewe. Katika Luka 24 wanafunzi wanadhani wanaona roho, naye anawaambia wamshike, "kwa kuwa roho haina mwili na mifupa kama mnavyoniona mimi kuwa nayo." Bado hawaamini kwa furaha, basi anaomba chakula. Wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, anakila mbele yao. Lakini mwili huohuo, Yohana anatuambia, uliwatokea ndani ya nyumba ambayo milango ilikuwa imefungwa. Ni mwili kweli, wenye makovu ya misumari, na tena si kama tunavyoijua miili. Paulo alipoulizwa wafu wafufukaje, na huja kwa mwili gani, alijibu kwa habari ya mbegu: unachopanda sicho kile kitakachoota, na bado kinachoota kimetoka humohumo. Alijua kwamba anayeitazama punje ya ngano mkononi hawezi kukisia suke litakavyokuwa.

Mwili unahitaji pa kusimama. Ndiyo maana Biblia haiishii na watu kupaa. Katika Ufunuo 21 ni mji unaoshuka, na sauti inasema, "Tazama, maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu." Petro anangoja mbingu mpya na nchi mpya. Paulo, katika Warumi 8, anasema viumbe vyote vinaugua vikingoja kuwekwa huru. Na nenda Isaya 65, andiko ambalo ningependa mdogo wako alisome tena akimfikiria mama yake: "Nao watajenga nyumba, na kukaa ndani yake." Kisha nabii anaendelea kusema hawatajenga halafu akakaa mtu mwingine. Dada yangu, hayo yaliandikwa kwa ajili ya watu waliojua kufukuzwa. Sijui kama yapo maneno katika Maandiko yote yanayomlenga mpangaji moja kwa moja kuliko hayo.

Kwa hiyo mama akiuliza "nakwenda kukaa wapi?", jibu la imani ya Kikristo, kwa upana wake, si "hakuna mahali." Ni kwamba anakwenda kwa mtu anayemjua, na kwamba mwisho wa mambo ni dunia iliyofanywa upya, akiwa na mwili, pamoja na wengine. Kuhusu muda kati ya kifo na ufufuo, makanisa hayasemi mamoja. Mengi yanafundisha kwamba roho iko na Kristo mara moja, yakitegemea maneno ya Yesu kwa yule mwizi msalabani na Wafilipi 1:23. Waadventista Wasabato wanaamini wafu wamelala mpaka ufufuo. Fuata mafundisho ya kanisa lenu hapo, mama ameyasikia maisha yake yote.

Je, unamdanganya unapomsimulia dirisha la mashariki? Mwaka 1530 Martin Luther, daktari wa theolojia aliyewahi kusimama mbele ya mfalme mkuu kwa ajili ya neno moja la Maandiko, alimwandikia barua mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne. Alimwambia kuna bustani nzuri ambamo watoto wanaokota matunda chini ya miti na kupanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu na matandiko ya fedha. Hakuna andiko lenye farasi wale. Sidhani kama Luther aliona ni uongo. Alikuwa anamwambia mtoto jambo analoliamini kwa vitu ambavyo mtoto alivipenda. Tofauti ninayoiona ni hii: kumwambia mama "najua dirisha liko mashariki" ni kusema usilolijua. Kumwuliza "ungependa dirisha liangalie wapi?" ni kumsikiliza mtu anayetumaini. Kwa jinsi ulivyoeleza, wewe umekuwa ukifanya hilo la pili kwa muda mrefu. Hukumpa nyumba ile. Aliijenga mwenyewe, wewe ulikaa naye tu.

Sasa nirudi kwenye swali la tatu.

Mama anaeleza mlango mzito, unaofungwa kwa ndani, ufunguo anao peke yake, na hilo halikosi kulirudia. Ana mkono uliovunjika mkiwa wadogo, na hukuniambia ulivunjikaje. Anauliza kama baba yenu naye atakuwa humo. Unamjibu kwamba bila shaka watakuwa pamoja, na anageukia ukutani.

Sikujui, dada yangu, na sikuijua ndoa ile. Huenda nimesoma kitu ambacho hakipo. Lakini ukisoma tena barua yako polepole, je, unadhani alichoka? Au aliuliza jambo moja, akajibiwa jingine? Ninyi nyote mmechukulia kwamba maneno ya mdogo wenu ndiyo yaliyomvunja moyo, na huenda ni kweli. Ila inawezekana pia kwamba nyumba yenye ufunguo ilikuwa ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kusema jambo ambalo hajawahi kuwaambia wanawe. Mdogo wako alipoiondoa nyumba, lilibaki swali tupu: kama hakuna mlango, je, ni nani atakuwa upande wa pili?

Kama ndivyo, imani yenyewe ina maneno ambayo huenda hajawahi kuyasikia yakisemwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Masadukayo, kundi la Wayahudi waliokana ufufuo, walimletea Yesu kisa cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, wakamwuliza katika kiyama atakuwa mke wa nani. Akajibu, "hawaoi, wala hawaolewi." Wajane wengi waliowapenda waume zao husoma mstari ule kwa uchungu, nami huwafariji kwamba upendo hautapotea. Lakini kwa mwanamke mwingine, mstari huohuo unaweza kuwa habari njema: hatakabidhiwa tena kwa mtu yeyote.

Kuhusu toba ya baba yenu, siwezi kuipima, na wewe huwezi. Mwizi msalabani alipokelewa dakika za mwisho. Lakini kusamehewa na Mungu hakuna maana kwamba yaliyotendeka yanafunikwa na mama anaambiwa akae kimya. Angalia mpangilio wa Ufunuo: katika sura ya 20 vitabu vinafunguliwa, na ni katika sura ya 21 ndipo Mungu anapofuta kila chozi. Mambo yanasemwa kwanza. Na ndani ya mji ule hakiingii kitu kiovu. Baba yenu akiwa humo, basi ni mtu ambaye kile kilichokuwa kikimtisha mama hakimo tena ndani yake, na ambaye amekwisha kuona alichofanya. Sentensi hiyo ichukue kwa tahadhari kubwa. Mtu aliyeumizwa akiambiwa hivyo mapema, anaweza kusikia "msahau tu, amebadilika", maneno ambayo pengine alikwisha kuyasikia mara nyingi hapa duniani.

Kuna jambo katika sura hiyohiyo ambalo lilinijia nilipofika kwenye ule mlango wako wa mbao nzito. Mji ule una malango 12, na Yohana anasema hayatafungwa kamwe, maana humo hamna usiku. Zamani mji ulifunga malango jua likizama, kwa hofu. Mama anatamani kufuli. Yohana anaona mahali ambapo hakuna anayehitaji kufuli. Hata hivyo nisingemwambia mama hivyo leo. Mwache abaki na ufunguo wake. Kama ipo siku atauweka chini, auweke mwenyewe.

Na ule mkono? Kuhusu hilo sioni haya kusema wazi. Augustino, askofu wa Hippo, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, mwanzoni mwa karne ya 5, alijiuliza kwa makini miili iliyoharibika itafufukaje. Alisema kasoro zitaondoka, miili itakuwa mizima; na kuhusu wafia dini alidhani huenda alama za majeraha yao zitaonekana, zikiwa heshima kwao. Mama akisema ataanika nguo kwa mikono miwili, amesimama palepale walipo walimu wakubwa wa Kanisa. Mwitikie bila wasiwasi.

Sasa ufanyeje? Naona njia kadhaa, na kila moja ina hatari yake.

Unaweza kuirudisha nyumba wewe mwenyewe, kwa kumwuliza tu: "Mama, ile kamba ya nguo uliiweka upande gani?" Huenda akafunguka. Huenda pia akaona unambembeleza kama mtoto, kwa kuwa mwanawe mchungaji amekwisha kumwambia hakuna. Kama ataona hivyo, usimsukume.

Unaweza kurudi kwenye swali la baba. Hiyo ndiyo njia ngumu, na inaweza kukuletea habari ambazo hutaweza kuzirudisha zilikotoka, pengine kuhusu utoto wako mwenyewe. Jiulize kwanza kama una mtu wa kukushika mkono wewe. Ukiamua, usimhoji. Unaweza kusema, "Mama, uliniuliza habari za baba, nikakujibu haraka. Ulitaka kujua nini?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Akisema hataki kuliongea, hiyo ni haki yake, na atakuwa amejua kwamba ulimsikia.

Kuhusu mdogo wako, naelewa hasira za dada zako, lakini kumzuia asimwone mama kuna hatari ya kumnyima mama mtoto wake katika siku ambazo hazirudi. Na yeye atabeba hilo maisha yake yote. Upande wa pili, akija akiwa na hoja zaidi, itakuwa vibaya vilevile. Mnaweza kuzungumza naye kando kwanza. Humwombi akane anachoamini. Mwulize anaelewaje ufufuo wa mwili anaoukiri, na kama yupo tayari kumsomea mama Isaya 65 na Luka 24 bila kuongeza ufafanuzi. Nadhani mtu mwaminifu kama yeye anaweza kufanya hivyo kwa dhamiri safi. Usimweleze dhana yangu kuhusu baba yenu, isipokuwa mama mwenyewe akikuruhusu. Siri hiyo, kama ipo, ni ya mama.

Mwisho, huenda mama angependa kuzungumza na mtu ambaye si mtoto wake. Wagonjwa wengi huwaambia wageni mambo wanayowaficha watoto wao, ili kuwalinda. Mwulize kama kuna mwanamke kanisani anayemwamini, mzee wa kanisa au mama wa rika lake, ambaye angependa aje akae naye bila ninyi kuwapo chumbani. Akimtaja mtu, mwite mapema, wakati mama bado ana nguvu za kuongea. Nawe utumie saa hiyo kulala.